Mwezi haiishi lakini franga imeisha, nyinyi munanunuaka namna gani vitu vya nyumba?

Mama Bahati, Kadutu:

Jambo bandugu na badada. Niko hapa Bukavu, Kadutu, tuko batu 7 mu nyumba: mimi, bwana yangu, batoto 4 na mama mukwe. Bwana anafundishaka, mimi nashonaka pa nyumba. Swali yangu ni ya soko ya kila siku, vitu vya kupika na kufua, si ya sikukuu.

Mwezi wa ine nilikamata kaye moya ya mutoto nikaandika kila kitu nilinunua, ata chumvi. Mimi nilikuwa nazani nyama ndjo inatumaliza. Kumbe nyama tulikula mara 2 tu mwezi muzima! Chenye kinatumaliza ni vile vitu vya kidogo kidogo. Makala ya kifuko asubui, makala ya kifuko mangaribi, mafuta ya sashe, sukari ya kufunga mu kasashe, sabuni ya kipande. Kila jioni natuma mutoto ku ligablo (kaduka ka karibu) na franga kidogo na moyo yangu inatulia, nasema leo sikutumia mingi. Sasa ku mwisho wa mwezi nikajumlisha zile sashe za mafuta peke yake nikaona zingelipa bidoni ya litre 5 na nyingine ingebakia. Nilibakia pale na kalamu mu mukono mpaka umeme ikakatika.

Mutaniambia basi nunua kwa wingi. Nilijaribu, mwezi wa tatu bwana alipata kafranga ka juu nikanunua bidoni ya 5 ya mawese na maharagi gigozi 15 (ile kopo ya kupimia ku soko). Mafuta iliisha siku 12!! Bidoni ikijaa kila mutu anamwanga bila kuangalia, mama mukwe anaongeza mu sombe, mutoto mukubwa anakaanga birayi saa tatu ya usiku. Na maharagi, juzi nikafungua mufuko nakuta matundu matundu, tududu tweusi tunatembea juu yake. Nililia, sitadanganya. Nikapepeta ile ilibakia, nikaipika, saa 4 ku moto haijaiva, ikakula makala kuliko bei yake yenyewe.

Sasa nauliza bale banaweza: kwanza, vitu vya wingi munavichungaka namna gani visiishe mbio na visiharibike. Pili, ile franga ya kununua gunia mara moya munaitosha wapi wakati mushahara inaingia na madeni tayari inaingojea mulangoni? Asanti sana.

Koko wa Maharagi, Nyawera:

Mutoto wangu Mama Bahati, pole na hiyo maharagi. Mimi nauzishaka maharagi tangu mukubwa wangu hajaanza masomo na leo niko na bajukuu, kwa hiyo acha nikuambie bila kuficha, ata kama banzangu ba soko batanikasirikia.

Kosa ya kwanza ni wakati. Ulinunua mwezi wa tatu. Kwetu huku maharagi inavunwa mara mbili, moya kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa kwanza, ingine mwezi wa sita na wa saba. Mwezi wa tatu mashamba inakuwa na majani tu, maharagi yenye iko ku soko ni ile ililala mu magunia tangu mwaka mupya, na ile tududu tulikuwa tayari ndani wakati ulinunua. Haukutuona juu tunakuwa bado tudogo mu tumbo ya punje. Na maharagi ya zamani haiivi mbio, hiyo kila mama anajua. Kwa hiyo ulilipa bei ya juu, ukalipa tududu, ukalipa na makala. Ngojea mwezi wa sita ikiisha. Usikimbilie ile ya kwanza kufika yenye ingali na maji, ukiuma punje na meno inapondeka, hiyo itaota kuvu. Ile ya kukauka muzuri inapasuka kaa!

Kosa ya pili ni mufuko. Tududu tunapumua sawa sisi. Tafuta bidoni ya 20 yenye mufuniko inafunga kweli, osha, kausha mpaka ndani hakuna ata tone ya maji. Anika maharagi ku jua siku mbili, acha ipoe, mwanga ndani, tingisha, ongeza tena mpaka ku shingo, nafasi ya hewa isibakie. Funga, weka na kipande ya plastiki chini ya mufuniko. Usifungue mwezi moya na nusu. Yenye ilikuwa ndani itakufa kwa kukosa hewa. Kama hauna bidoni, bamama ba zamani kule Walungu balikuwa banachanganya na majivu ya kupepeta, na hiyo inasaidia, lakini itabidi uoshe sana mbele ya kupika.

Na kitu ingine, gigozi. Gigozi si kilo! Kila mutu anapimia kopo yake na kopo zingine zimegongwa chini na nyundo, kitako imepanda ndani, ukiangalia kwa juu unaona imejaa na kilima inatokea lakini punje hazitoshi. Ukifika ku meza, inua kopo mbele hajapima, ingiza mukono ndani, gusa chini. Muuzishaji mwenye haki hatakasirika, mimi mwenyewe napatiaka bantu kopo yangu baguse. Ukiona mutu ananyanganya kopo mu mukono yako, ondoka.

Papa Mapacha, Panzi:

Asante Koko kwa hiyo ya kopo, nimenunua maharagi miaka yote hii sijawahi kugusa kitako.

Mama Bahati mimi nijibu swali yako ya pili, ya franga ya gunia. Kwa mushahara ya mutu moja haitoki, tuache kujidanganya. Sisi hapa tuko nyumba 5 mu parsele mbili zenye kufuatana. Mbele tulikuwa na likirimba (kuchanga franga kwa zamu) ya kawaida, kila mwezi mutu moja anakamata yote, lakini ile franga ilikuwa inapotea mu mambo mengine, mutu anakamata leo kesho anatoa deni. Ndiyo tukasema likirimba hii isitoke kama franga, itoke kama chakula. Kila siku ya posho (jumamosi) kila nyumba inaleta kiasi tuliyopatana, mushika sanduku anaandika mbele ya wote, mwisho wa mwezi watu 2 wanashuka soko wananunua gunia ya muchele, bidoni ya 20 ya mafuta na gunia ya sukari tunaigawanya na kikundi cha kanisa maana kwetu peke yetu ni mingi.

Kugawanya ndiko kunavunjaka vikundi, kwa hiyo sikiliza sheria yetu. Kopo ni moja, watu wote wanaangalia, na yule mwenye kupima anachukua fungu ya mwisho, baada ya wengine wote kuchagua. Tangu tuliweka hiyo hakuna mutu aliyelalamika, maana mwenye kupima anajua kama akikosea, fungu ndogo itabakia yake. Sheria ya pili: hakuna deni. Haukuleta wiki hii, fungu yako inapungua kadiri hiyo, tunakupenda lakini hatukukopeshi muchele ya mwenzako. Mwaka jana tuliachia mutu moja kwa huruma, ikafika nyumba 3 hazileti na kikundi ikakaribia kufa.

Na mutashangaa: muchele. Wengi tunanunua ile ya kutoka inje yenye mufuko mizuri wakati muchele ya bonde ya Ruzizi, ya upande wa Sange na Luvungi, inapanda hapa na magari. Iko na mawe kidogo, ndiyo, utachagua, lakini inajaa ku sahani. Iangalie tu wakati mvua iko nguvu, escarpement ya Ngomo (barabara ya mulimani) ikiharibika magari yanalala njiani na bei inapanda siku hiyohiyo. Sisi tunanunua ya mwezi wa kumi na mbili tangu mwezi wa kumi na moja, kisha hapo ni mvua na sikukuu pamoja na kila mutu anapandisha.

Mama Bahati, Kadutu:

Koko nimesoma mara mbili nikamusomea na mama mukwe, amesema ni kweli kabisa ata kwao balikuwa banatumia majivu. Papa Mapacha, huku kwetu niko na majirani bazuri 3 lakini naogopa kuwaambia, juu kila mutu anaficha shida yake, utamwambia mutu "tununue pamoya" ataelewa unamuona masikini. Ulianza namna gani?

Na bado sijapata jibu ya mafuta kuisha mbio.

Papa Mapacha, Panzi:

Sikuanza na hotuba. Nilinunua fungu la birayi kubwa kuliko tulihitaji, nikamupigia jirani mulango, nikamwambia hii ni mingi kwetu, chukua nusu kwa bei nilinunua, hapa ndiyo bei. Alishangaa bei iko chini. Wiki ilifuata yeye ndiye aliniuliza tunashuka soko lini.

Yaya wa Makala, Bagira:

Mbele ya mafuta nizungumzie makala maana hapo ndipo naona damu inatoka kabisa. Mama Bahati amesema kifuko asubui kifuko mangaribi, hiyo ni bei ya juu kuliko makala yote mu muji. Lakini ata ukinunua saki usiinunue na macho. Mimi nilinunua moya kando ya barabara, juu kulikuwa makala ya kung'aa sawa kioo, nikafika pa nyumba nikamwanga: kuanzia katikati ni vumbi na vipande vya kidole, na chini kabisa udongo ya maji. Tangu siku ile naomba wamwange nusu mbele yangu, wakikataa naenda kwa mwingine. Na kamata vipande 2 uvigonge: ya kuiva muzuri na kukauka inalia ngli ngli sawa chuma, ya maji au ya kuungua vibaya inalia sawa mbao na itakutolea moshi mpaka macho itoe machozi. Saki ikiwa nzito sana usifurahi, inawezekana ni maji.

Sasa namna ya kupika. Maharagi usiiweke ku moto kavu. Loweka tangu jioni, asubui mwanga ile maji, weka mupya. Chungu ifunikwe, na juu ya mufuniko weka kitu nzito. Mbabula (jiko ya makala) ya chuma peke yake inapasha hewa ya jirani, tafuta ile yenye udongo ndani, inachunga moto na makala inapungua, mimi kwangu ilipungua karibu nusu, ninapima na ndoo yangu kwa hiyo sisemi tu. Na ukimaliza kupika usiache makala imalizike yenyewe! Ondoa na koleo, weka mu chungu ya zamani yenye mufuniko, kesho ni hiyohiyo unawashia. Vumbi ya ku saki usitupe, changanya na udongo kidogo na uji ya bunga bwa mihogo, finyanga sawa mandazi, anika. Inawaka polepole, muzuri kwa kuchemsha maji ya kuoga batoto.

Lakini chenye kilinisaidia sana ni kikapo. Kikapo kubwa, ndani nimejaza majani ya migomba ya kukauka na vipande vya blanketi ya zamani, katikati nimeacha nafasi ya chungu. Maharagi yenye ililowekwa naitokotesha kwa nguvu, nusu saa nzima ikitokota kweli, si kupasha tu, maana maharagi yenye haikutokota muzuri inaumiza tumbo sana. Kisha naifunika, naingiza chungu mu kikapo na moto yake yote, juu naweka blanketi na muto. Naenda soko. Nikirudi kisha masaa 4 imeiva na iko inatoa mvuke. Naipasha tena mpaka itokote, naweka mafuta na bitunguru, tunakula. Ile saa 3 zingine ambazo wengine wanachoma makala, mimi sichomi kitu.

Tafazali tu jamani, mbabula yenye makala ya kuwaka musiingize mu chumba ya kulala kwa sababu ya baridi. Gazi yake haina harufu na mutu haamuki.

Kijana wa Ruzizi:

Mimi nauliza, kwa nini musivuke tu mupaka muende Kamembe, Rwanda? Kuna vitu mingi ile upande iko bei raisi.

Mama Ndosho zamani, sasa Nguba:

Ndugu Kijana, mimi nimevuka miaka, nikuambie hesabu. Unachenja dola au franga zetu kuwa za kwao, hapo umeacha kitu. Unalipa taksi ya kufika mupaka, unangojea musitari, unalipa wa kubeba, na siku yako ya kazi imeisha. Kama unavuka kwa kilo 3 za sukari umepata hasara na haujui. Inalipa kama mumetumana: mutu moja anavuka na orodha ya nyumba 6. Sasa mimi navukaka mara moya kwa mwezi hivyo.

Na niongeze juu ya dola, maana huku tunapoteza bila kuhesabu. Mutu analipwa dola, anaenda nayo mojakwamoja ku duka kununua kitu ya franga. Kila duka iko na bei yake ya dola na mara mingi ni ya chini kuliko ya kambiste wa barabarani. Chenja kwanza, hesabia palepale, kisha ulipe na franga. Na kila noti ya dola unayopewa uiangalie ku mwanga, pembe kwa pembe. Yenye kupasuka ata kidogo sawa ukucha, hapa kwetu hakuna mwenye ataikamata, na mwenye ataikamata atakukata. Ukipewa na muajiri, rudisha siku hiyohiyo, usione haya.

Mwalimu wa Ibanda:

Niseme tu jambo moja kuhusu sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa kuwa sijaona mtu ametaja, na kwa watoto ni chakula kizuri sana kuliko ile nyama ya mara 2 kwa mwezi, unamla mzima na mifupa yake. Bei ya sambaza inafuata mwezi wa mbinguni. Wavuvi wetu wa ziwa Kivu, wale wa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti, wanavua usiku kwa taa: samaki anafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linaangaza, samaki hakusanyiki chini ya taa, na asubuhi bei iko juu. Usiku wa giza wanapata mingi. Kwa hiyo mimi na mke wangu tunanunua katika zile siku za giza, asubuhi mapema, tunaanika ku bati juu ya chandarua kwa jua kali, tunaweka ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mwezi ukijaa, sisi tunakula zile za kukausha. Hata kalenda ya ukutani tumeitia alama.

Na Beach Muhanzi nendeni wakati boti za Idjwi na Kalehe zinafika. Nanasi, ndizi, mihogo, hapo unanunua kwa mwenye kushusha mwenyewe. Saa 4 ya asubuhi vitu hivyo hivyo viko mikononi mwa mtu wa tatu na kila mmoja ameongeza yake. Mihogo ya kukauka nunueni ya vipande, mupeleke wenyewe ku mashini ya kusaga. Unga ya tayari hauwezi jua kilichochanganywa ndani, lakini kipande unakivunja, unaona ni cheupe au kina kuvu.

Kijana wa Ruzizi:

Nimesikia mama wa Nguba, asanti, sikuwa nahesabu siku ya kazi. Lakini Mama Bahati si mungepunguza tu chakula? Sisi kwetu tunakula mara moya jioni na tunaishi.

Mama Bahati, Kadutu:

Kijana, nashukuru lakini hapana. Kadogo wangu iko na miaka 3, na mama mukwe anakunywaka dawa yenye haimezwi na njaa. Mimi natafuta namna franga ileile ilishe batu balebale 7, si namna batu bakule kidogo. Hiyo kitu siwezi ianza mu nyumba yangu wakati naona sashe zinaenda na franga zetu.

Koko wa Maharagi, Nyawera:

Umejibu muzuri mutoto wangu. Sasa mafuta, juu ulingojea. Bidoni isikae mu jikoni. Bidoni inakaa mu chumba yako chini ya kitanda na mu jikoni inakaa chupa. Chupa moya ya Primus, unaijaza siku ya kwanza ya wiki mbele ya bote, unasema hii ni ya siku 4. Chora alama na kipande ya makala ku chupa, siku ku siku. Mutu anaona mwenyewe alama yake imepita. Na mupatie kazi hiyo yule anamwangaka sana! Mupatie mama mukwe ufunguo, mutoto wangu, mutu hamwangi vibaya kitu chenye anachunga. Sabuni ya muti (ile murefu ya kukata) nayo usiitumie ingali laini, kata vipande siku unanunua, anika juu ya kabati wiki mbili tatu. Ikikauka haiyeyuki mu maji ovyo.

Mama Bahati, Kadutu:

Narudi kuwapatia habari, imepita wiki 7. Nilisema nitaandika yote na yenye ilikataa.

Yenye ilikataa: majirani 3, moya alikubali wiki mbili kisha akatoka, bwana wake hakutaka franga ipite mu mikono ya bengine. Hatukugombana, tungali tunasalimiana. Na likirimba ya chakula bado haifiki gunia ya muchele, tumefika bidoni ya 20 ya mafuta na maharagi tu. Mboga pia imekuwa nguvu, tuko mu kiangazi, lengalenga ile fungu imekuwa ndogo na bei iko juu, nimepanda mu magunia 3 nyuma ya nyumba namwangilia maji ya kuosha muchele, sijavuna bado.

Yenye ilitembea. Mafuta tuligawanya ku baraza yangu. Sikuwa na kitu ya kumwangia nikakata kichwa ya chupa ya plastiki nikaigeuza, mama mukwe akashika kitambaa ya kuchuja na mikono mbili, mawese inashuka nyekundu polepole na sisi bamama 3 tumeinama tunaangalia alama hakuna mwenye anaongea. Mimi nilipima kwa hiyo nilichukua wa mwisho, sawa Papa Mapacha alisema. Jirani mudogo alichukua lake, akaliinua ku jua, akaniuliza: "Hii yote ni kwa ile franga nilikuwa nalipa ku sashe?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kuita bwana yake aje aone.

Chupa ya Primus iko inafanya kazi. Mama mukwe iko na ufunguo mu kitenge yake na juzi mutoto mukubwa alimuomba mafuta ya kukaanga usiku, akamwambia angalia alama, leo ni siku gani? Mutoto akarudi kulala. Bidoni ambayo ingeisha siku 12, fungu yetu sasa inapita wiki tatu.

Makala bado ni ya saki nusu, tunagawanya na jirani, kikapo ya Yaya nimeitengeneza na godoro ya zamani ya mutoto. Mara ya kwanza maharagi haikuiva juu nilitokotesha dakika 10 tu, nikairudisha ku moto. Mara ya pili nilifanya nusu saa sawa uliandika, ikaiva kabisa. Mama mukwe hakuamini, alifungua mara 3 kuangalia nikamwambia mama unaachia moto inatoka.

Maharagi nilinunua wiki iliyopita, mupya, nilienda nikaingiza mukono mu kopo. Ya kwanza kitako ilikuwa juu, nikaondoka bila kusema kitu. Ya pili ilikuwa sawa. Nimejaza bidoni mbili mpaka ku shingo, nimeandika tarehe juu yake, sitazigusa mpaka mwezi wa tisa masomo ikianza, maana pale franga yote inaenda ku kaye na uniforme.

Ya kaye: mwezi huu ligablo tulienda mara 9. Mwezi wa ine ilikuwa mara 61, nilihesabu.

Yaya, unajua mutu mwenye anatengeneza mbabula ya udongo karibu na Nyamugo? Ile yangu ya chuma imetoboka chini.

Yaya wa Makala, Bagira:

Mara 9! Iko mama moya anazichoma huku kwetu, si Nyamugo, lakini anafikishaka Kadutu kama munachukua zaidi ya mbili. Uliza na jirani zako. Siku ya posho nitapita, nitakuletea moya uione, gonga kwanza kabla haujalipa, ikilia vibaya iko na ufa.